Mlezi, Mfuasi na Mwenye Kalamu: Safari za Imani Kandokando ya Ziwa Mweru

Katika makala haya tunakusudia kuzungumza juu ya aina moja ya maandishi ambayo wahakiki wetu wameipita kando kwa muda mrefu, nayo ni ushuhuda wa imani. Kila mwalimu anaifahamu. Kijana aliishi gizani, akasikia neno, akapata mlezi aliyemshika mkono, akabatizwa, kisha akatumwa kwenda kuwaambia wengine. Kisa hiki husimuliwa kanisani, huchapwa katika vijitabu vya misheni, na wanafunzi wetu hukileta darasani kila tunapowapa insha ya "Siku nisiyoisahau". Kwa kuwa kinajulikana mno, tumezoea kukipokea kama dua: hakihakikiwi, huitikiwa amina. Sisi tunaona kwamba kufanya hivyo ni kukidharau. Kama ushuhuda ni fasihi, basi una fani na maudhui, una msimulizi na wahusika, na yafaa uulizwe maswali yale yale tunayoiuliza riwaya.

Kosa letu wenyewe ndilo lililotusukuma kuandika. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja, mtoto wa wavuvi, alituandikia insha juu ya mwinjilisti aliyemlea. Alieleza jinsi alivyoahidi mara tatu kufuatana naye katika safari za vijijini, na mara tatu akatoroka usiku kurudi kwa mama yake. Mara ya nne alikwenda. Insha ikaishia hapo alipokuwa amebeba mfuko wa mwinjilisti, akijiuliza kama anakwenda kwa kumpenda Mungu au kwa kumpenda mzee yule. Sisi tukaandika kwa wino mwekundu: "Mwisho haueleweki. Andika upya." Akaandika upya. Safari hii aliokoka katika aya ya pili, akahubiri katika aya ya tatu, nasi tukampa alama nzuri. Hatukutambua siku ile kwamba tulikuwa tumemfundisha kusema uongo kwa Kiswahili sanifu. Basi makala haya ni malipo ya deni lile.

Ili mjadala usielee hewani, tumechagua mahali pamoja pa kusimama. Mahali hapo ni Mununga, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, nchini Zambia, kaskazini ya Nchelenge. Ni nchi ya wavuvi. Huko huanikwa samaki wadogo waitwao chisense, wanaofanana na dagaa wetu. Ng'ambo ya ziwa, upande wa magharibi, ni Congo. Upande wa Zambia lugha ya kuelewana ni Kibemba. Upande wa Congo, huko Kilwa na Pweto, ni Kiswahili. Kwa hiyo atokaye Mununga kwa mtumbwi kwenda kuuza samaki huivuka mipaka miwili kwa safari moja, mpaka wa serikali na mpaka wa lugha. Nchi hii, ambayo wengi wetu twaiona kuwa mbali na Uswahilini, imepitiwa na maandishi ambayo mwalimu wa Kiswahili hana haki ya kuyasahau.

La kwanza ni lile lisilohusu imani hata kidogo. Katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, msimulizi anatueleza jinsi alivyopigana na Nsama katika nchi iliyoko baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru, na jinsi alivyojipatia pembe nyingi. Vita hivyo vilitokea mwaka 1867. Mwaka huo huo, tarehe 8 Novemba, David Livingstone aliliona Ziwa Mweru akiwa njiani kwenda kwa Kazembe, na katika safari zile alipata msaada wa wafanyabiashara wa pwani. Twayataja haya ili msomaji akumbuke kwamba Kiswahili kilifika katika nchi ile kikiwa kimevaa kanzu ya msafara kabla hakijavaa joho la shule. Watoto waliotekwa kule walisikia amri za wakamataji wao, kwa sehemu, katika lugha hii hii ambayo baadaye wengine wao walifundishwa kusalia. Mwalimu anayeipenda lugha yake hana budi kuikubali historia yake yote.

Sasa tumtazame kijana wa kwanza. Dan Crawford alizaliwa Gourock, Scotland, mwaka 1870. Baba yake, aliyekuwa nahodha wa chombo katika Mto Clyde, alifariki mtoto angali mdogo. Aliipokea imani akiwa kijana tu, na mwaka 1889, kabla hajatimiza miaka 19, aliondoka kwao kuja Afrika pamoja na Frederick Stanley Arnot. Huyu Arnot ndiye mlezi wa kisa hiki. Naye alikuwa na mlezi wake: utotoni aliishi Hamilton, akajuana na watoto wa Livingstone, na habari za baba yao zikamwingia moyoni. Hivyo mwenge ulipokezanwa, kutoka kwa Livingstone kwenda kwa Arnot, na kutoka kwa Arnot kwenda kwa Crawford.

Crawford alifika Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mtawala wa Garenganze. Msiri mwenyewe asili yake ilikuwa Unyamwezini. Alikwenda Katanga kwa biashara na akajenga dola. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, waliokuwa wakiitafutia Dola Huru ya Congo bendera ya kupandisha. Mji wake ukatawanyika. Wengi waliokuwa wametekwa wakabaki bila mwenyewe na bila kwao, wakamfuata kijana yule wa Kiskoti. Mwaka 1894 akaanzisha kituo cha Luanza, katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Mweru, na huko aliishi mpaka alipofariki tarehe 3 Juni 1926. Alitafsiri Biblia katika Kiluba cha nchi ile. Watu walimpa jina la Konga Vantu, maana yake mkusanyaji wa watu. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba vantu ni watu, na huenda akakumbuka maneno yetu kukongamana na kongamano. Hatudai kwamba tumethibitisha ujamaa wa maneno hayo. Twasema tu kwamba sikio la Mbantu halihitaji mkalimani mbele ya jina kama hilo.

Kitabu chake kikubwa, Thinking Black, kilitoka mwaka 1912, baada ya miaka 22 bila kurudi kwao. Jina la kitabu lenyewe ni dai: mwandishi asema kwamba amejifunza kufikiri kama Mwafrika. Tukilipima dai hilo kwa haki, tutaona kwamba lina nusu ya ukweli. Crawford alikuwa na sikio. Alielewa kwamba mtu haingii katika nyumba ya mwenzake kwa kuhubiri dirishani, ila kwa kujifunza lugha mpaka ajue mzaha wake. Kwa zama zile, wakati wageni wengi walipomwona Mwafrika kuwa hana fikra, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini nusu ya pili ya ukweli ni kwamba katika kurasa zote zile mwenye kalamu ni mmoja. Waafrika wanasema, wanacheka, wanaamini, wanaasi. Lakini wanafanya hayo ili Crawford apate la kuwaza. Wako kama kiitikio katika wimbo ambao beti zake zimetungwa na mwingine. Ametufikiria, naam, lakini hatujasikia sisi tulimfikiriaje yeye.

Isipokuwa mahali pamoja tu, nalo ni lile jina. Konga Vantu si jina alilojipa. Walimpa watu wasiokuwa na kwao, ambao mji wao ulikuwa umevunjika na waliotaka mtu wa kuwakusanya. Hawakumwita mhubiri wala mfasiri. Walimpa jina kwa haja yao wenyewe, na kwa neno hilo moja walifanya uhakiki wa utume wake kuliko wahakiki wote waliofuata: walisema ni kitu gani walichokipokea kwake. Kila tusomapo ushuhuda wa mtu aliyetumwa, yafaa tulitafute jina alilopewa na wale aliotumwa kwao. Kama halimo, tujue kwamba tumesoma nusu tu ya habari.

Kijana wa pili anatoka upande mwingine wa kisa. Mto Luapula hutoka Ziwa Bangweulu na kuingia Ziwa Mweru. Katika nchi ya Bangweulu, kwa Wabisa, alizaliwa mtoto aitwaye Chilekwa. Alitekwa angali mdogo. Akauzwa, akapelekwa pwani, akapakiwa katika jahazi lililoelekea nchi za Ghuba. Jahazi hilo likakamatwa baharini na manowari ya Waingereza. Baada ya muda miongoni mwa mabaharia alifika Unguja, akatiwa katika shule ya Kiungani ya misheni ya Vyuo Vikuu, akabatizwa kwa jina la Petro, akawa mwalimu, akaenda kufanya kazi upande wa Ziwa Nyasa, na huko akapewa upadre. Habari za maisha yake, zilizotafsiriwa kutoka Kinyanja, zilichapwa kwa Kiingereza mwaka 1937 katika kitabu chembamba ambacho jina lake, kwa Kiswahili, lingekuwa "Kutoka Mtoto Mtumwa hadi Padre".

Mwalimu wa sarufi atatulia kidogo juu ya jina la mwandishi huyu. Nyumbani ni Chilekwa. Kitabuni ni Petro Kilekwa. Ile chi- ya kwao imevaa ki- ya Unguja, na mbele yake amesimama Petro. Hapa, katika maneno mawili, imo safari nzima: jina la ubatizo alilopewa na walezi, na jina la utotoni ambalo halikufutwa, ila lilibadilishwa herufi za mwanzo. Wapo watakaoona katika mabadiliko hayo unyang'anyi, na wapo watakaoona mapokezi. Sisi twaona yote mawili, na twadhani kwamba msomaji mwaminifu hatakiwi kuchagua haraka.

Ubora wa kitabu hiki ni utulivu wake. Kilekwa hasimulii kwa mbwembwe. Huenda kwa mpangilio wa matukio, hatua kwa hatua, kama mtu anayehesabu kambi alizolala. Mtoto aliyetekwa hajui mambo makubwa ya biashara na siasa, na msimulizi mzee hamtwiki ujuzi huo baada ya miaka mingi; humwacha awe mtoto. Fani hii ya kujizuia ndiyo inayomgusa msomaji kuliko kilio. Hata hivyo kitabu kina upungufu, nao umo katika jina lake. Linatupa ncha mbili, utumwa na upadre, kana kwamba baina yake palikuwa na mstari ulionyoka. Lakini kati ya ncha hizo palikuwa na kijana. Je, siku ile alipovuliwa utumwa na kukabidhiwa kwa wageni wengine wenye lugha nyingine, alijuaje kwamba hawa hawatamuuza? Alianza lini kuwaamini? Je, imani yake kwa Mungu ilitangulia imani yake kwa walezi, au iliifuata? Hilo ndilo swali la yule mwanafunzi wetu aliyebeba mfuko. Kwa mtoto aliyenyang'anywa wazazi, mlezi na Mungu hufika mlangoni pamoja, na si rahisi kutambua ni nani aliyebisha hodi kwanza.

Jambo jingine linatuhusu zaidi sisi walimu wa lugha. Mtoto huyu alisomeshwa mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kikiandikiwa sarufi na kamusi. Edward Steere, askofu wa misheni ile, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, A. C. Madan, aliyefuata, alitunga kamusi ambazo babu zetu wa taaluma walizitegemea. Madan huyo huyo alikusanya habari ambazo wavulana wa misheni ile waliziandika kwa mikono yao kwa Kiswahili juu ya makwao na kutekwa kwao. Mwaka 1887 habari hizo zikatoka katika kitabu kilichoitwa Kiungani. Lakini zilitoka kwa Kiingereza. Tazama basi jinsi mambo yalivyo: wavulana waliandika kwa Kiswahili, wafadhili wakasoma Kiingereza, padre wa Kibisa akasimulia kwa Kinyanja, London ikasoma Kiingereza. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa yule aliyetoa sadaka. Na msomaji akishajulikana, umbo la kisa nalo hujulikana: lazima pawe na giza la kutosha mwanzoni na nuru ya kutosha mwishoni, ili mtoaji ajue kwamba fedha yake haikupotea.

Kinyume cha hayo twaweza kumweka James Mbotela, ambaye Uhuru wa Watumwa wake ulichapwa London mwaka 1934 kwa Kiswahili, kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili. Mbotela hakutekwa yeye. Alikuwa mtoto wa watu waliokombolewa, waliokalishwa Frere Town, karibu na Mombasa. Baada ya uhuru wa nchi zetu wahakiki wengi walikisema kitabu hiki vikali. Walisema kimejaa shukrani kwa Waingereza, kimefumbia macho ukoloni, na kimewachora watu wa pwani kwa rangi moja. Lawama hizo kwa sehemu kubwa ni za haki, nasi tumezifundisha. Lakini tunadhani kwamba zimesahau jambo moja. Shukrani ya mtoto wa aliyekombolewa si kasumba tupu. Ni habari ya kweli ya moyo wa mtu. Kosa la Mbotela si kwamba alishukuru. Kosa lake ni kwamba shukrani imekuwa nzito mno hata imeziba masikio yake, asisikie swali la aliyekombolewa: baada ya kufunguliwa, nani atanirudisha kwetu? Mhakiki anayemcheka kwa kushukuru na mhubiri anayemsifu kwa kushukuru wanafanya kosa moja. Wote wawili hawamsikilizi.

Tukiviweka vitabu hivi pamoja, twaweza kutoa vipimo vitatu vya ushuhuda wa imani, ambavyo tunavipendekeza kwa walimu wenzetu.

Kipimo cha kwanza ni wakati. Imani katika maisha huchukua miaka. Katika maandishi mabovu huchukua sentensi moja. Tuulize: je, mwandishi ametuonyesha muda baina ya kusikia na kuamini, au amekunja jamvi kabla wageni hawajaketi? Kukawia kwa kijana, kutoroka kwake na kurudi kwake si aibu ya kufichwa. Ndiyo safari yenyewe.

Kipimo cha pili ni mlezi. Waswahili husema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kweli, lakini mlezi katika maandishi asiwe malaika. Arnot alikuwa mtu, Crawford alikuwa mtu, walimu wa Kiungani walikuwa watu. Mlezi asiyekosea kamwe hana alichomfundisha mfuasi wake isipokuwa kumwogopa. Ushuhuda mzuri humwacha mlezi awe na mwili, akichoka, akikasirika, akiomba radhi. Na humwacha mfuasi awe na hiari ya kusema hapana. Ndipo ndiyo yake inapokuwa na thamani.

Kipimo cha tatu ni wale waliotumiwa mjumbe. Kila utume una pande mbili, lakini shuhuda nyingi zina upande mmoja. Kijana anakwenda kijijini, anahubiri, watu kadhaa wanaamini, anarudi akifurahi. Je, walisema nini wale walioketi chini ya mwembe wakimsikiliza? Walimwita jina gani? Walimfundisha nini? Ikiwa mjumbe amerudi bila kufundishwa chochote, basi hakufika. Miguu yake tu ndiyo iliyofika.

Huenda wasomaji wengine wakatuambia kwamba tunaiingilia dini, na kwamba mambo ya roho hayapimwi kwa vipimo vya darasani. Tunaiheshimu hoja hiyo. Hatupimi imani ya mtu. Hiyo haina mtahini miongoni mwetu. Tunapima maandishi, na tunayapima kwa sababu mwandishi ametuomba tumwamini. Mtu anayesema amekutana na kweli, kisha akasimulia kukutana huko kwa maneno ya kuazima, anaidhoofisha ile kweli anayoitangaza. Kwa hiyo mhakiki hapa si adui wa mhubiri. Ni msaidizi wake.

Turudi sasa ufukoni. Katika mwambao wa Mununga, na katika mwambao wa kwetu wa Tanganyika na Nyasa, wapo hata leo vijana wanaofuatana na wainjilisti, wanaobeba mifuko, wanaosukuma mitumbwi, wanaojifunza kwa kutazama. Baadhi yao wataandika habari zao. Crawford aliandika, na watu wake wakabaki na neno moja tu mikononi mwao, yaani jina walilompa. Kilekwa alisimulia, na kisa chake kikapitia mikono ya mfasiri ndipo kikatufikia. Mbotela aliandika kwa lugha yetu, lakini shukrani ikamtangulia kushika kalamu. Kijana wa leo ana kalamu yake, ana lugha yake, na msomaji wake ni jirani yake. Kinachoweza kumzuia ni sisi walimu, tukishika wino mwekundu kama tulivyoushika siku ile.

Tukimpata tena yule mwanafunzi, hatutamwomba radhi kwa maneno mengi. Tutamwomba atuletee insha yake ya kwanza, ile ambayo mwisho wake haukueleweka, kama hakuitupa. Na tutaisoma mbele ya darasa, bila kusahihisha mwisho.